Mrejesho: retinoli au vitamini C?

Wapendwa, asanteni kwa majibu. Niliuliza nichukue kipi cha kupaka usoni kati ya retinoli (aina ya vitamini A) na vitamini C, maana nimegonga 43 na makunyanzi ya pembeni mwa macho yameanza kunisalimia.

Nimebaki na retinoli ya asilimia 0.3, usiku tu, mara mbili kwa wiki. Kiasi cha punje ya njegere uso mzima, ngozi ikiwa imekauka kabisa, halafu losheni juu. Mwanzoni pembeni mwa pua palibanduka magamba. Sasa hapo natanguliza Vaseline, pametulia.

Vitamini C? Seramu ilifika ina rangi ya chai ya rangi, yaani ilishaharibika. Ikaenda jalalani. Kwa madoa natumia niasinamaidi (aina ya vitamini B3) asubuhi, haina ugomvi na mtu.

Kazi ilikuwa kupata sanskrini, krimu ya kukinga jua. Zenye zinki ziliniacha kama nimepakwa unga, nikahamia ya majimaji, SPF 50 (kiwango cha kinga).

Makunyanzi bado yapo jamani, ila ngozi imelainika na poda inakaa. Dada uliyeuliza kuhusu ujauzito: retinoli weka pembeni kwanza, muulize daktari kuhusu asidi ya azelaiki, nayo ni ya kupaka.