Mpunga pori chini ya taa ya barabarani hautoi masuke: ni mwanga au ni mbegu?

Mama Bondeni
Wakuu, habari zenu. Nina majaruba huku bondeni Kinyerezi. Tangu barabara ya juu iwekwe taa naona jambo. Ukingoni umejiotea mpunga pori, ule wenye ndevu ndefu ambao punje zinapukutika kabla hujazigusa. Sasa hivi Juni, ulioko gizani upande wa mto umeshatoa masuke. Ulioko chini ya taa ni majani matupu, mrefu kama matete. Jirani yangu kapanda mbegu ya muda mfupi hapo hapo kwenye mwanga na keshaanza kufukuza ndege! Mwakani nataka kurudisha mbegu ya zamani ya marehemu bibi upande ule. Itanigomea?

Kijana wa Tabata
Shikamoo mama. Hiyo ni mbolea tu. Maji ya mtaani yanateremka kutoka barabarani, naitrojeni ikizidi mpunga unakimbilia majani. Habari za mpunga kuchanua kwa kufuata urefu wa mchana ni za Japani huko. Dar jua linachomoza saa 12 na kuzama saa 12 mwaka mzima.

Mzee wa Maabara
Kijana, toka nje uangalie. Mwezi huu jua linazama kama saa 12 na robo. Desemba linasogea hadi saa 12 na nusu na ushee, na asubuhi linawahi zaidi. Tofauti haifiki saa nzima, ni kweli, lakini mpunga hauhitaji nyingi. Kule Malacca, Malaysia, nyuzi 2 tu kaskazini ya ikweta, mchana hubadilika kwa dakika 14 hivi kwa mwaka. Mbegu iitwayo Siam 29 ikisiwa Januari ilichukua siku 329 kuchanua, ikisiwa Septemba siku 161. Mbegu ile ile.

Mama, naitrojeni inaweza kuchelewesha, sikatai. Lakini mpunga wa jirani yako unakunywa maji hayo hayo na umechanua. Mimi naishuku taa.

Mpunga kwa asili ni mmea wa usiku mrefu. Jani ndilo linalopima, kwa protini zinazohisi mwanga ziitwazo fitokromu. Usiku ukitosha, jani linatengeneza protini ya Hd3a, nayo inapanda hadi kwenye ncha ya shina na kuiamuru iache majani ianze suke. Wajapani walionyesha safari hiyo mwaka 2007. Anayeiwasha Hd3a ni jeni Hd1, iliyotambuliwa mwaka 2000, na huyu ndiye ninayempenda kuliko wote kwa sababu ana sura mbili: mchana ukiwa mfupi anasukuma mpunga uchanue, ukiwa mrefu anauzuia. Pembeni yake kuna jeni nyingine mbili: Ehd1 anayesukuma, na Ghd7 anayekaba breki mchana unaporefuka.

Sasa taa. Maabara wamewahi kuwasha mwanga dakika 10 tu katikati ya usiku, Hd3a ikazimika. Mimea iliyoharibiwa fitokromu B, mojawapo ya zile protini za kuhisi mwanga, haikujali mwanga huo. Kwako taa inawaka hadi alfajiri.

Kijana wa Tabata
Mzee, mbona basi mbegu ya jirani haijali? Si mpunga ule ule?

Mzee wa Maabara
Kwa sababu wakulima na watafiti wamekuwa wakichagua, kizazi baada ya kizazi, mipunga isiyosubiri msimu. Ukisoma jeni Hd1 katika mipunga ya shambani, mingi ina nakala mbovu. Hokkaido, kaskazini ya Japani, kiangazi mchana ni mrefu mno na baridi inawahi. Mipunga ya kule imepoteza breki kama Ghd7, la sivyo isingevunwa.

Porini mambo ni mengine. Huko Asia kuna ndugu wawili: Oryza rufipogon, wa kudumu, anayesubiri usiku urefuke, na Oryza nivara wa mwaka mmoja, asiyejali sana, anawahi kuzaa kabla dimbwi halijakauka. Kwetu Afrika tuna Oryza longistaminata. Mama, chimba kidogo: ukikuta shina linalotambaa chini ya tope, karibu hakika ni huyo. Wachina wamemchanganya na mpunga wa Thailand wakapata PR23, mpunga unaovunwa miaka kadhaa bila kupandwa upya. Huku tunampalilia kwa matusi.

Mama Bondeni
Shina linatambaa kweli, kung'oa ni kazi! Haya, mbegu ya bibi?

Mzee wa Maabara
Usibahatishe jaruba zima. Panda chache kwenye ndoo mbili wakati wa masika, moja chini ya taa, nyingine gizani, udongo na maji sawa. Kwa mpunga pori uliopo, chagua mashina kadhaa chini ya taa, yafunike kwa nailoni nyeusi tangu jua linapozama hadi linapochomoza, wiki tatu mfululizo. Mengine yaache wazi. Tangu suke lianze kuumbika ndani hadi litoke ni kama mwezi, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Mama Bondeni
Nailoni haitayachoma?

Mzee wa Maabara
Usiku haichomi. Asubuhi usichelewe kuifunua, na iinue kwa vijiti isilalie majani.

Kijana wa Tabata
Mama, nipo karibu. Vijiti na nailoni nitaleta mimi Jumamosi, lakini ndoo moja nitaitia mbolea ya ziada.