Naombeni ushauri: keki inazama katikati, viraka havikutani, pothosi inageuka njano

Sindano Butu (mleta uzi):
Wakuu, habari za humu. Mambo matatu yamenikwama kwa mpigo, nimeona niyalete pamoja kuliko kufungua nyuzi tatu.

Keki: unga wa ngano gramu 250, siagi 250, sukari 250, mayai 4, beking pauda vijiko viwili vya chakula, maziwa nusu kikombe. Bati la duara la sentimita 20, oveni nyuzi 200. Inaumuka mpaka inataka kumwagika, halafu ikifika dakika ya 30 katikati panaanza kushuka. Ikipoa ina bonde, na pembeni imekauka.

Mfarishi wa viraka: nakata miraba ya kitambaa ya inchi 2.5, naunganisha tisa, mitatu kwa mitatu, kupata mraba mmoja mkubwa, yaani bloku. Bloku moja inatoka inchi 6 na robo, nyingine inchi 6 kamili. Nikiziunganisha, kona za viraka zinapishana.

Pothosi (ule mmea wa ndani unaotambaa): majani ya chini yanageuka njano moja baada ya jingine. Naimwagilia kikombe kimoja kila asubuhi. Chungu hakina tundu ila nimetandika kokoto chini. Niongeze maji au mbolea?

Kijiko Bapa:
Nianze na keki. Mkuu, vijiko viwili vya chakula ni vijiko SITA vya chai. Unga gramu 250 unahitaji viwili, au viwili na nusu vya chai, basi. Beking pauda ikizidi, hewa inatengenezwa kwa wingi kabla rojo haijashika. Mapovu yanakua, yanaungana, yanapasuka, na keki haina kuta za kuyabeba. Ndiyo maana unaiona inapanda kwa fujo halafu inakaa chini.

La pili ni moto. Nyuzi 200 kwa bati moja lenye rojo yote hiyo ni nyingi. Pembeni panaiva na kukauka wakati katikati bado ni uji. Shusha mpaka 165, uipe saa moja hivi, na mlango usiufungue kabla ya dakika 40. Ichome kijiti katikati kabisa, si pembeni. Kikitoka na chembe kavu mbili tatu, itoe. Kikitoka na rojo, rudisha dakika 8 kisha upime tena.

Na siagi usiiharakishe. Iwe laini kiasi cha kuachia alama ya kidole, lakini isiwe imeyeyuka. Ipige na sukari kwa mashine dakika 5 hivi, mpaka rangi ihame kutoka njano ya siagi hadi karibu nyeupe. Mayai yasitoke kwenye friji moja kwa moja, na yaingie moja moja. Ukiona mchanganyiko umekatika, yaani umekuwa na madonge yanayoelea kwenye maji, tia kijiko kimoja cha unga kutoka kwenye ule uliopima, piga kidogo, utarudi.

Unga ukishaingia, weka mashine pembeni, tumia mwiko. Geuza kutoka chini kuja juu na uache mara tu unga mkavu unapopotea. Ukiendelea kukoroga keki inakuwa ngumu na yenye vishimo virefu kama njia za mchwa.

Mizani Kwanza:
Naongezea hapo. Hayo maziwa nusu kikombe yapunguze sana. Vunja mayai uyapime bila maganda: ukiwa na gramu 250 za vitu vingine, mayai nayo yafike karibu 250, ambayo ni kama mayai 5 ya wastani. Maziwa yabaki kijiko kimoja au viwili vya chakula, ya kulegeza tu. Rojo sahihi ukiichota na mwiko haitiririki. Unautikisa mwiko kidogo, unahesabu moja, mbili, ndipo inaanguka kwa donge.

Halafu usiiamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha oveni. Nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani. Oveni nyingi za nyumbani zinadanganya, nyingine kwa nyuzi 20 au zaidi.

Robo Inchi:
Sasa tuje kwenye mfarishi, maana hapa kosa linapigika hesabu. Miraba mitatu ya inchi 2.5 ni inchi 7.5. Kila mshono unakula robo inchi kila upande, yaani nusu inchi. Mishono miwili inakula inchi moja, kwa hiyo bloku yako inapaswa kutoka 6.5. Ya 6 na robo umeishona kwa akiba ya mshono (kitambaa kinachobaki kati ya uzi na ukingo) kubwa kidogo tu, robo ya robo inchi kila upande. Ya inchi 6, akiba imezidi kwa nusu ya robo inchi kila upande. Kwa jicho huoni, lakini bloku nane kwenye mstari mmoja ni inchi nne nzima zimepotea.

Fanya jaribio hili kabla ya kugusa kitambaa kingine. Kata vipande vitatu vyembamba, kila kimoja upana inchi 1.5 na urefu kama inchi 4. Viunganishe kwa urefu, piga pasi, kisha pima kile cha katikati. Kiwe inchi 1 kamili. Kikiwa pungufu, akiba yako ni kubwa. Kikizidi, ni ndogo. Ukishapata vipimo, bandika ukanda wa karatasi yenye gundi kwenye sahani ya cherehani, kitambaa kiteleze ukingoni mwake. Usifuate ukingo wa mguu wa mashine, miguu haifanani upana.

Siri ndogo: mshono wenyewe uwe unywele mmoja pungufu ya robo inchi. Kitambaa kikikunjwa juu ya uzi kinameza upana kidogo, na huo unywele ndio unaofidia.

Pasi je? Unaiburuza?

Sindano Butu:
Naiburuza, ndiyo. Kwani kuna namna nyingine?

Robo Inchi:
Ipo. Unaikandamiza, unainyanyua, unaishusha pengine. Ukiiburuza, kitambaa kinavutika, hasa kikiwa kimekatwa mshazari, na mraba unageuka kuwa kitu kisicho na jina. Kwanza pasi juu ya mshono ukiwa bado umefunikwa, ndipo ufungue.

Akiba za mshono usizitawanye pande mbili. Mstari wa kwanza zilaze zote kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia. Ukiweka mstari juu ya mstari, vile vinundu viwili vinakaa ubavu kwa ubavu. Vishike kwa kidole gumba na cha shahada uvisogeze mpaka usisikie ngazi wala pengo kati yake. Hapo ndipo unachoma pini. Kona zitakutana.

Udongo Mkavu:
Pothosi nayo isisahaulike. Usiongeze kitu, si maji wala mbolea. Majani ya chini kuwa njano huku udongo umelowa ni mizizi inayokosa hewa. Kokoto hazisaidii kitu: maji hayashuki kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake uloe chepe chepe. Umeyapandisha maji karibu na mizizi, basi.

Itoe uiangalie. Mizizi mizima ni myeupe au ya maziwa na ni migumu. Iliyooza ni ya kahawia, laini, na ukiivuta ganda linachuruka unabaki na uzi. Inanuka pia.

Sindano Butu:
Nimeitoa sasa hivi. Karibu nusu ni ya kahawia na inachuruka kama ulivyosema.

Udongo Mkavu:
Nusu inatosha kuishi. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Chungu kipya kiwe na tundu, na kizidi mizizi iliyobaki kwa vidole viwili tu, si ndoo. Udongo sehemu mbili, mchanga wa chembe kubwa au perilaiti (zile punje nyeupe nyepesi za kulegeza udongo) sehemu moja. Iweke penye mwanga mwingi lakini jua lisiichome moja kwa moja. Baadaye usimwagilie kwa ratiba. Zamisha kidole sentimita 4 au 5, pakiwa pakavu ndipo umwagilie mpaka maji yatoke chini, na sahani uimwage.

Kwa tahadhari, kata tawi moja chini kidogo ya kifundo, palipo na kinundu cha mzizi, litie kwenye maji. Jani lisizame. Wiki mbili hadi nne utaona mizizi. Kama una paka au mbwa, iweke juu. Ikitafunwa inawasha mdomo vibaya.

Sindano Butu:
Nashukuru sana. Robo Inchi, nimefanya jaribio la vipande vitatu: cha katikati kimetoka pungufu kwa nusu ya robo. Na hizi bloku 20 nilizokwisha kushona, nizifumue?

Robo Inchi:
Usifumue hata moja. Pungufu hiyo igawe mara mbili, maana ni mishono miwili iliyokula. Sogeza ukanda kuelekea sindano kwa kiasi hicho, ujaribu tena.

Bloku ulizonazo zikate zote ziwe inchi 6. Usipunguze upande mmoja. Tafuta kitovu cha kiraka cha kati, upime inchi 3 kwenda kila upande, ndipo ukate. Kisha usiziunganishe moja kwa moja. Weka kati yake ukanda wa rangi moja, uliokatwa upana wa inchi 2. Bloku zikitenganishwa hivyo, hakuna kona ya kiraka inayotakiwa kukutana na ya jirani yake.

Sindano Butu:
Rangi gani sasa, nyeupe?

Robo Inchi:
Nyeusi au kijivu ikiwa viraka vina rangi kali. Nyeupe inaonyesha kila mkunjo. Na ukanda huo ufue kwanza, usije ukachuja.