Drivetemp, smartctl au nichukue QNAP? Diski zinachemka

Mpiga_Picha_Dar
Wakuu salaam. Nina seva ya kuhifadhi picha na video za wateja, diski nne, na joto la Dar mnalijua. Nataka feni ziongeze kasi zenyewe diski zikipata moto. Kuna wanaosifia drivetemp (draiva ya Linux inayosoma joto la diski), wengine wanasema smartctl (programu ya kusoma hali ya diski) inatosha, na jamaa mmoja ananishawishi niachane na hii nichukue QNAP TS-433, kasha la diski linalokuja na mfumo wake. Hela natoa mwisho wa mwezi. Kipi bora?

KobeMzee
"Seva" ni nini, mkuu? Diski zimechomekwa SATA (kebo ya diski ya moja kwa moja) kwenye bodi au ziko kwenye kasha la USB? Kerneli (kiini cha Linux) toleo gani? Bila hayo tunapiga ramli.

MamaTerabaiti
Drivetemp, mjadala umefungwa. Imo ndani ya kerneli tangu 5.6 ya mwaka 2020. Unaandika `modprobe drivetemp`, kisha joto la diski linatokea kwenye amri ya `sensors` pamoja na la prosesa, na huhitaji hata kuwa root (msimamizi) kulisoma. Hddtemp, programu ya zamani ya kusoma joto la diski, isahau, Debian (aina ya Linux) walishaitoa.

Kiporo
Taratibu, dada. Smartctl ina `-n standby`, diski iliyolala haiguswi. Drivetemp maelezo yake yenyewe yanaonya kwamba kwenye diski ya WD120EFAX kusoma joto kunaanzisha upya saa ya kulala, kwa hiyo diski haisinzii.

MamaTerabaiti
Malizia aya basi! Imeandikwa hapohapo kwamba smartd (mwenzake smartctl anayefanya kazi nyuma ya pazia) nayo inafanya vilevile, na kwamba diski hiyo ikishalala, drivetemp inasoma joto bila kuiamsha.

Mpiga_Picha_Dar
Samahani wakuu. Mbili SATA, mbili kasha la USB. Kerneli 6.1.

KobeMzee
Ndiyo maana niliuliza. Za USB drivetemp haitazisoma. Jaribu `smartctl -d sat`, makasha mengi yanakubali.

FundiWaNyamagana
Ngoja niwaambie kilichonipata na fancontrol, programu inayopanga kasi ya feni kwa joto. Kuna fundi alitufungia seva dukani, kila kitu safi, feni ya mbele inafuata joto la diski. Akasasisha kerneli, akawasha upya, akachukua hela yake akaenda. Namba za hwmon (ambazo kerneli inavipa vihisi joto na feni) zikabadilika: iliyokuwa hwmon2 ikawa hwmon4. Fancontrol ikiona hivyo inagoma kuwaka, inasema faili la mipangilio limepitwa na wakati. Sasa feni zikarudi kufuata BIOS (programu ya bodi yenyewe), na BIOS inaangalia prosesa tu. Prosesa imetulia nyuzi 41, feni inazunguka kivivu, diski zinaungua kimyakimya. Nilikuja kushtuka nilipogusa kasha kutafuta kebo: diski ya katikati nyuzi 61! Baada ya wiki chache ikaanza kutoa sekta mbovu. Fundi simu hapokei. Kwa hiyo yeyote atakayetumia fancontrol, aangalie kwa `systemctl status` kama inafanya kazi, kila baada ya kuwasha upya.

Kiporo
Huna uhakika kama ni joto. Google mwaka 2007 walitoa utafiti wa diski zaidi ya 100,000, uhusiano wa joto na kufa kwa diski ukawa mdogo kuliko watu walivyodhani.

FundiWaNyamagana
Hizo ni diski za kwenye kituo chenye viyoyozi, ndugu yangu. Njoo Mwanza mwezi wa kumi.

Kiporo
Walisema pia joto likiwa juu sana, hasa kwa diski zenye umri, mambo yanabadilika. Sijakukatalia.

KobeMzee
Turudi kwa QNAP. TS-433 feni yake inasimamiwa na chipu ndogo inayoongea na prosesa yake, RK3568, kwa laini ya siriali. Kerneli mpya zina draiva ya qnap-mcu, inasoma joto na mizunguko ya feni. Ukibaki na mfumo wa QNAP wenyewe hilo halikuhusu. Ukitaka kuweka Debian, 6.1 haitakufaa.

MamaTerabaiti
Kwa bei hiyo anapata feni nzuri, kebo za SATA za kuhamishia zile diski za kasha la USB, na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), na chenji inabaki.

ShombeShombe
UPS gani? Yangu inapiga kelele umeme ukicheza kidogo tu.

Mpiga_Picha_Dar
Bodi yangu ina sehemu mbili tu za SATA zilizobaki, moja imekatika kishikio. Kadi ya PCIe ya SATA (ya kuongeza sehemu za kuchomeka diski) mnanunua wapi?

ShombeShombe
Kariakoo zipo, ila fungua boksi uione kabla hujalipa.