Uzi wa buluu Bahari ya Shamu: ufutwe au ubaki?

Mleta mada: Wakuu, filamu ya The Ten Commandments ya mwongozaji Cecil B. DeMille (1956). Musa ananyoosha fimbo, bahari inagawanyika, na kwenye runinga kubwa unaona uzi wa buluu umewazunguka watu. Ufutwe. Kompyuta zipo, tunasubiri nini?

Koleo: Kwanza tuelewane uzi umetoka wapi. Waigizaji walipigwa picha mbele ya pazia la buluu. Maabara ikatengeneza mikanda miwili ya vizibo: mmoja unaziba mandhari pale alipo mtu, wa pili unaziba pazia na kumwacha mtu. Vyote vikaunganishwa kwenye printa ya optiki (mashine inayopiga upya picha za mikanda kwenye mkanda mmoja), fremu kwa fremu. Kizibo kikipishana na umbo hata kwa unene wa unywele, buluu inachungulia. Nywele, vumbi na shela nyepesi ndizo balaa, buluu inapenya humo humo. Maji nayo yalimwagwa kwenye tangi studioni Paramount, mkanda ukaonyeshwa kinyumenyume. (Kwenye ile filamu ya kimya ya DeMille ya 1923, bahari ilikuwa jeli iliyochongwa!) John P. Fulton alipata Oscar kwa kazi ya 1956. Ukifuta mshono unafuta alama ya mkono wake.

Mleta mada: Mkuu, hakuna fundi anayeshona ili mshono uonekane. Nakala za sinema za wakati ule zilichapwa kwa Technicolor, njia ya kugandisha rangi kwenye mkanda, ambazo hulainisha kingo kidogo. Leo inaskaniwa negativu (mkanda wa awali wa kamera) ya VistaVision, fremu kubwa ya matundu 8 ya pembeni mwa mkanda, iliyolala ubavu, kwa 6K, yaani takriban nukta 6,000 kwa upana. Mnatetea kitu ambacho mtazamaji wa 1956 hakukiona kwa ukali huu.

Bi Negativu: La nakala nakubali. Ila "kompyuta zipo" si jibu. Sekunde 10 ni fremu 240, tena zenye umati. Ukiiachia programu isake buluu yenyewe, itakula bahari na majoho. Na fremu hizo zimenakiliwa zaidi ya mara moja, chenga zake (punje za mkanda zinazoonekana kwenye picha) ni nene. Ukilainisha ukingo peke yake, chenga zinakufa hapo na Musa anatembea na ukungu wake. Punguza ukali wa rangi ya uzi tu, uivute ifanane na mandhari ya nyuma, umbo usiliguse, kisha rudisha chenga.

Mleta mada: Hapo sawa. Sasa toleo lipi liandikwe "la asili" kwenye jalada?

Koleo: La negativu. Na uzi wake.