Tupeane uzoefu: korona ilipokuja hapa Nairobi, mliishije na watoto wenye usonji (autism)?

Mama wa Umoja
Shule zilipofungwa Machi 2020 kijana wangu alikuwa na miaka 9. Ana usonji, haongei. Asubuhi anavaa sare, anabeba begi, anasimama mlangoni. Ukimvua sare ni mayowe mpaka jirani anagonga ukuta. Wiki tatu hivyo. Mwishowe nikasema haya, twende shule. Tunashuka ngazi, tunazunguka ploti mara mbili, tunapanda, nagonga sufuria, masomo yanaanza mezani. Akatulia. Nyinyi je?

Baba wa Kayole
Kwetu shida ilikuwa barakoa. Wangu hata kofia havumilii. Makanga alikataa kutubeba, na abiria mmoja akaniambia nimfunze mtoto adabu. Tukarudi nyumbani kwa miguu, mimi na hasira zangu. Mama yake alishona barakoa kutoka kwa fulana yake kuukuu. Tukaanza kumvisha mwanasesere, halafu mimi, halafu yeye, kwa urefu wa wimbo mmoja tu. Ilichukua miezi, sidanganyi.

Dada mtu, Eastleigh
Mnaongea watoto tu. Mdogo wangu ana ulemavu wa kujifunza na wakati huo alikuwa na miaka 24. Kila Ijumaa lazima aende kwa nyanya, Pangani. Mei 2020 mtaa ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Walisema siku 15, nikamchorea visanduku 15, akawa anakata kimoja kila jioni. Cha mwisho kikaisha, akavaa viatu. Kumbe zimeongezwa. Aliniita mwongo, na kwake kweli nilikuwa mwongo. Tangu hapo sikumwandikia mwisho wa kitu chochote. Tulichora ya leo tu: chai, kufua, kumpigia nyanya, kulala.

Mwalimu, kitengo maalum
Masomo ya redioni hayakuwafaa wanafunzi wangu. Nilikuwa natuma sauti kwa WhatsApp kila asubuhi, namsalimia kila mmoja kwa jina lake, basi. Wasio na simu ya intaneti niliwapigia, kredi ilinimaliza. Tuliporudi darasani, mmoja aliisikia sauti yangu akaishika barakoa yangu akivuta, anatafuta mdomo uko wapi.

Mama wa Umoja
Mwalimu, umeniliza. Baba wa Kayole, huo wimbo ulikuwa gani?

Baba wa Kayole
Wa tangazo la sabuni. Mpaka leo akiusikia anashika masikio, anatafuta barakoa.