Naomba ushauri: Tuifuate Braveheart kwenye filamu yetu ya Lugalo?

Kijana wa Kihesa
Kamwene wakuu. Tuko vijana saba hapa Iringa, tuna kamera mbili za kuazima na nusu ya mswada wa filamu fupi kuhusu vita vya Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walipowapiga Wajerumani. Kujiandaa tumeitazama Braveheart ya 1995, ile filamu ya Wallace, Mskoti aliyepigana na Waingereza, mara tatu, karibu saa tatu kila mara. Mimi ilinitoa machozi. Mwenzetu aliyesoma historia chuoni anasema imejaa uongo na tusiiguse. Tumebishana mpaka kazi imelala wiki mbili. Je, uzuri wake unafidia makosa yake? Tuchukue nini, tuache nini?

Mwalimu Mafinga
Mdogo wangu, mwenzenu hajakosea. Zile sketi Waskoti wa karne ya 13 hawakuzivaa. Binti mfalme Isabella anayempenda Wallace alikuwa mtoto wa miaka kama 10 Wallace alipouawa 1305, tena alikuwa bado kwao Ufaransa. Hayo mimi nayasamehe.

Nisilosamehe ni daraja. Vita vya Stirling, 11 Septemba 1297, vilipiganwa kwenye daraja jembamba la mbao. Waskoti waliwaacha Waingereza wavuke kidogo kidogo, walipoona waliovuka wanatosha wakawashukia, na wenzao wa ng'ambo wakabaki kutazama. Filamu imeliondoa daraja, ikaweka uwanja wazi na hotuba. Mtazamaji anatoka akiamini ushindi ulikuja kwa hasira. Na Andrew Moray, aliyeongoza jeshi lile pamoja na Wallace, hayumo kabisa.

Sasa geukia kwetu. Tarehe 17 Agosti 1891 Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alipita Lugalo na bunduki za kisasa na bombomu za Maxim. Wahehe walimvizia kwenye majani na mawe, msafara ukiwa mstari mrefu njiani, silaha kubwa bado zimefungwa kama mizigo. Wakauingilia kwa mikuki kabla hazijafunguliwa. Mkiweka uwanja wazi na Mkwawa anayehutubia, mtakuwa mmewapokonya Wahehe akili iliyowapa ushindi.

Fundi Picha, Mbeya
Naungana na mwalimu, ila msiitupe filamu. Rudieni pale farasi wanapokuja na Wallace anawazuia watu wake wasiinue miti iliyochongwa. Anawazuia tena. Na tena. Kila mtu sebuleni anaacha kutafuna. Subira ile ndiyo ya Lugalo! Waliotengeneza Braveheart walitumia askari wa akiba wa Ireland kujaza uwanja, nyinyi hamuhitaji umati. Kuvizia ni uso mmoja kwenye nyasi, jasho, na nyayo zinazosikika kwa mbali. Pigeni picha mwezi wa nane, nyasi zikiwa zimekauka kama siku yenyewe. Sauti rekodini huko huko.

Msangu wa Rujewa
Ndugu zangu, naomba kwa heshima. Katika vita vya Wajerumani na Mkwawa, Merere, mtawala wetu Wasangu, alikuwa upande wa Wajerumani, na kila hadithi inatuita wasaliti halafu inapita. Wahehe walikuwa wametufukuza Usangu, tukahamia Usafwa. Braveheart inawafanya makabaila wa Uskoti karibu wote kuwa waoga wa kununuliwa kwa ardhi, bila kueleza walichokuwa wakikihofia. Hilo linaniuma kuliko sketi. Kama Msangu ataonekana, apewe sentensi mbili za sababu yake.

Dada Makete
Robert Bruce, yule kabaila wa Uskoti, ndiye mtu wa kweli kuliko wote mle ndani, kwa sababu anayumba na anajua anayumba. Wallace hana doa, ndiyo maana mimi alinichosha. Mnaye wa kwenu: Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Wajerumani walimkalisha kwenye kiti cha utawala, kisha wakamnyonga wenyewe 1897. Siku moja mfikieni huyo.

Kijana wa Kihesa
Shikamoo mwalimu, asanteni wote. Jana usiku nimewasomea wenzangu majibu haya. Mwenzetu wa historia amekubali tubaki na ile subira, nami nimeifuta hotuba, kurasa nne. Ndugu wa Rujewa, nitakuandikia pembeni, naomba sentensi hizo mbili uziandike wewe. Jumamosi tunakwenda Lugalo kwenye mnara, tutembee njia kwa miguu tuone mtu akilala majanini anaonekana kutoka umbali gani.