Muuzaji anaomba pesa yote juma hii, kutoka mu nyumba eti mwezi wa saba

Mama Mapacha
Jambo bandugu. Nimepata nyumba ya kununua Katuba, hapa Lubumbashi, vyumba vitatu, tumesikilizana dola 18.000. Nilitoa avansi ya 5.000, papa mwenye kuuza akaniandikia desharji (kama amepokea pesa) ku karatasi ya kaye, shahidi komisionere (dalali) peke yake. Sasa anataka yote iliyobaki juma hii lakini yeye na batoto batatoka mwezi wa saba, juu mutoto mukubwa anafanya egzeta (egzame ya serikali ya kumaliza sekondari). Mwenye nyumba kwenye ninapanga sasa naye alishanipa preavi ya kuhama, mwisho wa mwezi wa tano. Nikikatala naogopa atauzia mwingine, komisionere ananipigia simu asubui na magaribi eti kuko mutu wa Kolwezi na pesa mu mukono. Nifanye je?

Yaya wa Ruashi
Mama, usiongeze hata dola moja mbele ya kuona setifika (karatasi ya serikali ya mwenye parseli) na jina yenye iko ndani. Mutu wa Kolwezi, miye pia baliniambiaka, hakuna mutu aliyekuja. Pesa na tarehe bitembee pamoja: 8.000 mbele ya notere (ofisa wa kushuhudia mikataba), 5.000 ya mwisho siku anakupa funguo mu mukono, na fakture za maji na umeme zimelipwa. Egzeta ni sababu ya kweli, umupe hiyo miezi, lakini muandike mu akti (mkataba) tarehe yenyewe ya kutoka, na akipitisha, loye (pesa ya kupanga) ya kila mwezi inakatwa ku hiyo 5.000. Na kwako, si uko na garanti, pesa uliachiaka mwenye nyumba wakati wa kuingia? Muombe mwenye nyumba uikule hiyo miezi mbili, ukae bila kulipa loye, ni rahisi kuliko kuhama mara mbili na mapacha.

Papa Kampemba
Sikia huyo yaya. Miye nililipa yote siku moja, muuzaji wangu akaomba juma mbili tu za kuhamisha bintu. Siku ya kumi bandugu bake batatu bakafika, setifika ilikuwa jina ya marehemu baba yao, na hakuna hata mumoja wao alikuwa ametia sinyatire (sahihi). Nilikaa mwaka na nusu nalipa loye kwingine, kufuli niliyonunulia ile mulango ingali mu plastiki yake. Na bibi ya muuzaji wako pia atie sinyatire, usisahau.

Kaka Notere
Naongeza moja. Sinyatire ya notere haimalize. Kwa sheria ya 20/7/1973, parseli inakuwa yako pale konservateri (mukubwa wa biro ya serikali ya ardhi) anatoa setifika mupya na jina yako. Kwa hiyo tarehe ni tatu: notere, funguo, mitasio (kugeuza jina ku setifika). Muandike kama muuzaji atakuja ku biro kila akiitwa, juu akishahama kumupata ni kazi.

Mama Mapacha
Aksanti sana. Nilienda na kaka yangu mukubwa, tukaita na bibi ya muuzaji akae pale. Kumbe bei hakuijua. Tarehe ya kutoka wamekubali 15/7, mwenye nyumba naye amekubali nikule garanti. Setifika anasema iko kwa mudogo wake Likasi, nimemuambia nangojea.